Sindano ya Kabureta Iliyomezwa na Kuku wa Mama Mkwe

Nimemsingizia mtu. Naanza na hilo kabisa, maana kisa chenyewe kina kuku, na kila ninapokisimulia watu wanacheka mapema wakasahau kwamba kuna mtu aliumia.

Mimi ni bodaboda hapa Nachingwea. Pikipiki yangu naifungua mwenyewe, plagi, klachi, kabureta, vyote. Sikusomea, nimejifunza kwa kuharibikiwa njiani. Ukweni kwangu ni Mandawa, upande wa Ruangwa, na huko mke wangu Sharifa alishanitangaza kwamba mume wake ni fundi. Nami sikukanusha. Nani anakanusha sifa ukweni?

Masika iliyopita tulikuwa huko kuwasalimia. Upepo ukaangusha mkorosho wa zamani juu ya jiko la mama mkwe. Paa likabonyea, shina likauegemea ukuta. Kutumia shoka ilikuwa hatari, kila pigo lingeutikisa ule ukuta. Baba mkwe akaenda kuazima chensoo, ule msumeno wa mashine, kwa jirani yake, Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe wake. Nitamwita Masanja, si jina lake.

Mnajua wafugaji wanavyotazamwa huku kwetu. Ufuta wa mtu ukiliwa, hata kama ni mbuzi wa mwenyeji, wa kwanza kutajwa ni wao. Lakini baba mkwe na Masanja walipatana. Ng'ombe walikunywa maji kwenye kisima cha mzee, na kila asubuhi maziwa yalifika nyumbani.

Masanja akauleta msumeno mwenyewe, akakata matawi machache. Kisha ukaanza kisirani: unawaka, ukibonyeza mafuta unazima. Akasema umejaa vumbi, afadhali aupeleke kwa fundi Ruangwa mjini. Mimi nikasema, "Niachie mimi." Jamani, hilo neno!

Akaniachia, akarudi kwa mifugo yake. Nikaangalia plagi, nzima. Filta ya hewa, safi. Petroli inapita kwenye mpira vizuri. Basi, kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Nikaitoa, nikakaa nayo chini, kwenye mchanga wa uani.

Kumbe haifanani na ya pikipiki hata kidogo. Ya pikipiki ina bakuli la petroli na boya. Msumeno unalazwa, unapinduliwa, bakuli lingemwaga. Badala yake kuna kimpira chembamba kama karatasi, na chini yake kisindano kidogo kinachofungua na kufunga petroli, kimeshikwa na springi. Sikuwahi kukiona maishani. Ila baba mkwe alikuwa ameketi pale na jirani mwingine, mwenyeji, wote wananitazama. Nikaendelea kufungua, nimevaa uso wa mtu anayejua.

Skrubu ikatoka, springi ikaruka, sindano ikadondokea mchangani. Sijanyoosha mkono, kuku wa mama mkwe, yule mwenye madoa, akaidona. Akaimeza. Akaenda zake.

Wazee walikuwa wamegeuka kumwitikia mpita njia. Hakuna aliyeona.

Sasa ningesemaje? Kwamba fundi wenu nimelisha kuku kifaa cha watu, mama naomba umchinje kuku wako anayetaga? Nikaendelea kusafisha kilichobaki, na hapo nikaona ugonjwa wenyewe: kichujio kidogo ndani ya kabureta kilikuwa kimezibwa na uchafu. Kilihitaji kupulizwa tu. Ile sindano haikuwa na kosa lolote.

Baba mkwe akauliza vipi. Nikajibu, "Sindano haimo, baba. Huyu bwana katuazima mashine iliyokwisha kuchokonolewa."

Mtu anayejua angejiuliza iliwakaje na kukata matawi bila sindano. Pale hapakuwa na anayejua. Yule jirani akadakia kwamba ndiyo tabia yao, wanakuazima kibovu ili baadaye wakudai kizima. Ningeweza kusahihisha palepale. Nilichofanya ni kutikisa kichwa kwa masikitiko, kama vile na mimi nimeonewa.

Kesho yake asubuhi Masanja akaja na ng'ombe na maziwa yake. Baba mkwe akamwambia kisima sasa ni cha matumizi ya nyumbani. Sababu hakumpa, na maziwa hakuyapokea. Masanja akasimama kidogo, kisha akawageuza ng'ombe. Mimi nilikuwa hatua chache tu pale, napiga mswaki. Nikaendelea kupiga mswaki.

Siku ya kuondoka, mama mkwe akataka kutuaga kwa kuku. Akamkamata nani? Yuleyule mwenye madoa, eti siku hizi amegoma kutaga! Nikamtuma Sharifa akaseme mama asijisumbue, mimi kuku nimeacha kula. Sharifa akaniangalia. "Baba Nasra, tangu lini?"

Chakula kikaja. Firigisi, kama ilivyo desturi, ikawekwa mbele yangu mimi mkwe. Pembeni yake, kwenye kisahani, ile sindano, imeoshwa inang'aa. Mama mkwe mwenyewe hakutokea, heshima ya mkwe haimruhusu. Sharifa ndiye aliyesema, macho yameangalia chini, kwamba mama kaikuta tumboni mwa kuku na anauliza kama ni ya kwangu.

Baba mkwe akaichukua, akaigeuzageuza. Nilitamani anifokee. Akasema, "Kula, mkwe. Ukimaliza utakwenda kwa Masanja. Peke yako."

Nikala. Ile firigisi niliitafuna weee, haikwisha.

Masanja nilimkuta anafunga zizi. Nikamweleza yote, sikuficha. Kwenye kuku akacheka, tena akamwita mkewe aje asikie. Kisha kicheko kikaisha.

"Kusingiziwa nimezoea tangu nimefika huku," akasema. "Lakini mzee hakuniuliza. Angeniuliza tu."

Sindano ilikuwa imekwaruzwa na changarawe za tumboni, haifai tena. Nikaenda Ruangwa mjini nikanunua seti mpya ya kabureta, na fundi nikamleta juu ya pikipiki yangu. Yeye alifunga, mimi nilimshikia sinia la vifaa. Msumeno ukanguruma, shina likatolewa, ukuta ukapona.

Baba mkwe alikwenda kuomba radhi mwenyewe. Masanja alimpokea vizuri, akampa na kiti. Ila ng'ombe wake siku hizi anawapeleka kunywa bondeni, mbali, na mzee chai anakunywa ya rangi. Shemeji zangu wananiita Fundi Firigisi. Hilo nalistahili, silalamiki.

Wewe unayesoma, ukifungua kitu usichokijua mbele za watu, sema hujui. Aibu yake ni ya dakika chache. Na ukikosea, usitafute wa kumtupia, hasa yule ambaye watu wako tayari kumwamini kuwa mbaya. Uongo juu ya mtu kama huyo hauhitaji hata ushahidi, ndiyo maana ulinitoka kirahisi vile.

Juzi nilipita kwa Masanja na abiria, nikapunguza mwendo nikamsalimu. Aliitikia vizuri, akauliza na hali ya watoto. Ila neno "karibu" hakulisema.