Fundi Aliyenipa Mtandao Koboko

Ukitaka kucheka, cheka sasa, ili nikianza uninyamazie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote.

Nilikuwa nimetoka Arua kwenda Lobule kumwona shangazi yangu mgonjwa. Wakati wa kurudi mvua ikanifungia Koboko, nikachukua chumba kwenye gesti ya Mama Keji. Alasiri hiyo binti yangu Zuhura alikuwa anaolewa Doha, anakofanya kazi. Baba yake hayupo duniani. Alishaniambia, "Mama, nisipoiona sura yako kwenye simu, sheikh atangoja." Na mtandao? Ulikufa na ngurumo ya kwanza. Nikawa nazunguka barazani nimeinua simu juu kama mwendawazimu, machozi yananitoka.

Mwanamume mmoja wa makamo akaja kutoka uani.

"Mama, iko nini?"

Nikamweleza.

"Data imekufa, lakini waya iko. Chumba yako, nyuma ya kitanda."

Tukaingia chumbani. Kweli, waya wa intaneti ulitokeza ukutani. Nikamwambia simu yangu haina tundu la waya kama ule. Akatoa mfukoni adapta ndogo: upande mmoja ukaingia penye chaji, wa pili ukapokea waya.

"Sasa weka ndege."

Nikagusa ile alama ya ndege.

"Hivyo. Isitafute hewani. Wacha ikunywe kwa waya."

Niamini, Zuhura alitokea hata hina ya vidoleni nikaiona. Nilisikia ndoa ikifungwa, nikapiga vigelegele peke yangu.

Nilipogeuka kumshukuru fundi, alikuwa tayari mlangoni. Hapo ndipo nikaona: nje mvua inamwagika, na shati lake kavu kama limetoka kwenye pasi.

"Ukifika Arua, salimia mama yangu, Sauda, nyuma ya msikiti. Sema Khamis hasikii baridi tena."

Akatoka.

Mama Keji alikuja mbio kwa vile vigelegele. Nikamsimulia, uso ukambadilika. "Waya gani, dada? Hiyo hakuna kitu ndani." Akanipeleka nyuma ya nyumba. Waya ulitoka ukutani ukaning'inia tu, ncha imefungwa nailoni. Akaniambia Khamis ndiye aliyeanza kuuvuta, akaenda kuleta vifaa vilivyobaki, mto uliofurika ukambeba. Mwili haukupatikana.

Je, nilikimbia? Wapi! Moyo ulikuwa umetulia. Ningemwogopaje mtu aliyeniozeshea binti?

Arua nilikwenda kwa Mama Sauda hata kabla ya kufika kwangu. Nilipotaja jina tu, bikizee akanishika mkono.

"Alikuwa ameloa?"

"Mkavu kabisa, mama. Na anasema hasikii baridi tena."

Akaketi mkekani, akacheka huku analia. Watu wa nyumba yake wananiambia tangu siku hiyo mvua ikinyesha usiku haamki tena kufungua mlango.

Adapta ninayo mpaka leo. Kwenye waya mwingine inafanya kazi kama adapta yoyote. Nawe, ukiwa safarini akakusaidia mtu usiyemjua, usikimbilie kuchungulia waya unaishia wapi. Muulize kwanza ana salamu za kumpelekea nani, na uzifikishe kabla hujavua viatu.