Baba Mkwe Amepangwa Dukani

Baba mkwe wake Yuet-ngo alirudishwa nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki. Kichwa mbali, mikono mbali, kaptura imefumuliwa mishono yote. Aliyemleta ni Lap-man, mtoto wa pekee wa Yuet-ngo, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyeajiriwa na kampuni ya sanamu. Akauweka mfuko mezani kando ya bakuli la uji wa mamaye, akasema, "Mama, huyu hapa. Wameshamaliza naye."

Wameshamaliza naye! Hebu sikiliza maneno ya mtoto aliyesomeshwa.

Nisikuache gizani. Huyo baba mkwe hakuwa wa nyama na damu. Alikuwa sanamu ya askari, urefu wake kama rula ya shuleni, mtu mzima aliyepunguzwa mara sita, kila kitu chake kimepunguzwa naye: bunduki, viatu, mkanda, hadi kifungo cha mfukoni. Huko Hong Kong watu wazima wenye kazi zao na mvi zao hukesha wakizungumzia kama mkoba wa askari fulani ulifungwa kwa bizimu moja au mbili. Yuet-ngo hakuwa akiwacheka, maana walimlisha. Tangu ujana wake alikaa kwenye cherehani ghorofani, mtaa wa viwanda wa San Po Kong, kwanza akishona magauni ya wanasesere, halafu askari walipoingia sokoni akawavika wao, wa jangwani na wa theluji na wa msituni. Mdomo wake na sindano yake, majirani walisema, hujui kipi kinachoma zaidi.

Mumewe, marehemu Shing-fai, alikuwa fundi wa mabasi, na askari hao ndio waliokuwa ulevi wake. Lakini mmoja hakuwa wa ulevi. Huyo alikuwa Kuk Tai-yau, baba yake mzazi, mpiga mizinga, aliyeaga nyumbani Desemba ile ya vita vikuu Wajapani walipoingia Hong Kong na hakurudi tena. Alimwacha mke ana mimba. Kaburi hakuna, mfupa hakuna, na picha hakuna vilevile, kwa sababu mkewe aliichoma kwa mkono wake mwenyewe. Wakati ule kukutwa na picha ya mume aliyevaa sare ya jeshi ilikuwa ni kuomba kuchinjwa. Kwa hiyo Shing-fai alikua akiinamia karatasi nyekundu yenye jina tu, na kila sikukuu alitambikia maandishi.

Akamtengeneza. Miaka aliyomtengeneza usiulize. Mama yake, bibi kizee asiyejiweza tena, alikuwa akielekeza kutoka kitandani: kaptura ilikuwa kubwa, aliikunja, kofia ya chuma aliivaa upande, mkoba wa barakoa ya gesi ulikaa kifuani, na ndani nilimtilia ganda kavu la chungwa, alikuwa na kikohozi. Yuet-ngo akashona kaptura kwa kitambaa cha leso iliyochakaa, maana kitambaa kipya hakianguki vizuri kwenye mwili mdogo, akaichovya kwenye chai hadi ikapata rangi. Ganda la chungwa likatiwa mkobani, la kweli. Ukabaki uso. Shing-fai akamuuliza mama yake sura ilikuwaje, na bibi kizee akamjibu, "Shika kioo ujitazame, mpumbavu wee. Unauliza nini?" Basi akachonga uso wake mwenyewe.

Alipokamilika, Shing-fai akachagua siku njema, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu, akamtia nukta katika kila jicho, kama wanavyotiwa miungu wa hekaluni na vichwa vya simba wanavyovaa wacheza ngoma. Ukishatiwa nukta umefunguliwa macho, unaona, na roho iliyoalikwa imekwisha ingia. Tangu siku hiyo hakuwa sanamu tena. Alipanda kwenye rafu ya wazee waliotangulia, akapewa udi asubuhi na jioni, na Lap-man mdogo alikuwa akimpelekea machenza na kumwambia, "Babu, kula." Shing-fai alipofariki, picha yake iliwekwa pembeni ya baba yake.

Sasa huyo ndiye aliyekuwa mfukoni.

"Uliniambia wanampiga picha," Yuet-ngo alisema. Sauti ilikuwa ya chini, na Lap-man angekuwa na akili angetoka hapo hapo.

"Walimpiga, Mama. Halafu Bosi Yip akampenda. Akasema kitu hiki hakijawahi kutoka, mpiga mizinga wa hapa hapa kwetu, vifaa vyote sahihi. Akampeleka kiwandani, ng'ambo ya mpaka, wachukue vipimo, watoe nakala zake. Jumamosi anazinduliwa dukani Mong Kok."

"Nani anazinduliwa?"

"Babu."

Yuet-ngo akaumwaga mfuko mezani. Akaushika mkoba mdogo kwa koleo yake, akaufungua. Mtupu. "Ganda liko wapi?"

"Ganda gani? Aa, lile? Watakuwa wamelitupa, Mama, lilikuwa limeliwa na wadudu. Ni uchafu tu."

Kibao kilimpata kabla hajafunga mdomo. Mori ulikuwa umempanda mama mtu, na mtoto mzima akarudi nyuma hadi ukutani ameshika shavu.

"Uchafu! Bibi yako alilitia kwa ajili ya kifua cha mumewe anayekwenda kufa, unaliita uchafu? Umempeleka babu yako akavuliwa nguo na watu asiowajua, wakamkata mikono, wakamchungulia, halafu unaniletea kwenye mfuko kama matumbo ya samaki! Hata Wajapani hatujui kama walimfanya hivyo!"

"Mama, nilitaka ajulikane! Baba alilia maisha yake yote kwamba hakuna anayemjua baba yake. Sasa atajulikana hadi Ulaya. Jina lake limeandikwa kwenye boksi."

"Nani alikwambia Tai-yau anatafuta umaarufu? Alikutuma? Alikuja ndotoni akakwambia, mjukuu wangu, nipange dukani?" Akaikusanya mikono ile midogo kiganjani. "Kikulacho ki nguoni mwako. Ondoka mbele yangu, Lap-man, kabla sijasahau nilikuzaa kwa uchungu."

Hakulia. Siku zilizobaki alishindwa hata kumwunganisha. Kila akishika uzi, hasira humfanya aukate. Rafuni palibaki picha ya Shing-fai peke yake, na udi aliuwasha hivyo hivyo, akimwomba mumewe radhi kwa mwana aliyemlea.

Jumamosi alifunga kikapu: kuku wa kuchemsha mzima na kichwa chake, wali, vikombe vitatu vya mvinyo, chungu cha majivu, na fungu la udi. Jirani yake alimuuliza anakwenda makaburini kwa sikukuu gani. "Nakwenda dukani," alijibu, akaingia kwenye lifti.

Foleni ilikuwa imetoka hadi barabarani. Vijana na mabegi yao mgongoni, wanaume wenye vitambi, wote wamesimama kwa adabu ambayo kwa mama zao hawana. Na dirishani, kutoka sakafuni hadi juu, maboksi yamepangwa kama ya sabuni. Yuet-ngo akasimama. Alikuwa amejitayarisha kumwona baba mkwe. Hakujitayarisha kumwona mumewe. Shing-fai, Shing-fai, Shing-fai, kila boksi uso wake, kidevu chake, lile sikio lake moja lililochomoza. Halafu akasogea karibu na kioo, akaona kitu kingine.

Macho yana nukta nyekundu. Yote.

Kiwandani waliambiwa wafuate sampuli, na watu wale ukiwaambia wafuate sampuli watafuata hata kinyesi cha nzi. Waliona nukta, wakatia nukta. Bosi Yip alipoletewa mzigo alikagua bizimu, akakagua mishono, akakagua kofia. Machoni hakutazama. Wala Lap-man hakutazama, aliyempelekea machenza!

Yuet-ngo akaipita foleni yote. "Samahani, mama, kuna mstari!" mmoja alilalamika. "Mimi ni wa familia," alimjibu bila kugeuka. Akaingia, akatandika gazeti chini mbele ya maboksi, akapanga kuku, wali, vikombe. Akawasha udi fungu zima.

Bosi Yip akaja mbio, mtu mfupi, koti jipya. "Mama Kuk! Mama Kuk, vipi tena? Hapa ni dukani!"

"Najua ni dukani. Na huyu ni baba mkwe wangu. Ana njaa."

"Zima moto, tafadhali! Lap-man, mwondoe mama yako!"

Lap-man alikuwa nyuma ya kaunta amevaa fulana ya uzinduzi yenye picha ya babu yake kifuani. Hakusogea. Yuet-ngo akapiga magoti, akainama hadi paji likagusa sakafu, akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto:

"Baba! Kuk Tai-yau! Tusamehe. Tulikufungua macho uone nyumbani kwako, kumbe umefunguliwa macho uangalie watu wakikupangia bei. Kula, Baba. Nyote mlioingia humo maboksini, kuleni!"

Kijana mmoja mwenye boksi mkononi akaliinua karibu na uso wake, akatazama. "Mungu wangu," akasema. "Macho yamefunguliwa. Jamani, wametiwa nukta!"

Akalirudisha boksi taratibu, kwa mikono miwili. Mwenzake akalirudisha lake. "Mimi chumba changu na rafu yangu ni kitu kimoja," alisema mwingine, tayari yuko mlangoni. "Nilale na marehemu wa watu ananitazama? Sitaki!" Foleni ikaanza kukatika. Wengine waliinama kidogo kabla ya kutoka, kwa heshima au kwa woga, na Bosi Yip akawa anakimbia huku na huku akisema ni rangi tu, jamani, ni rangi tu. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu yeye mwenyewe ofisini kwake ana mungu mwenye nukta machoni na wote wanajua.

"Umeniua, mama," alisema hatimaye. "Umeniua kabisa."

"Wewe ulimkata baba mkwe wangu mikono ukidhani ni bidhaa. Usinililie mimi." Akanyoosha kidole kwenye kaunta. "Na wewe. Vua hiyo fulana. Babu yako yuko nyumbani mezani, vipande. Wewe ndiye utakayemshona."

"Mama, mimi sijui kushona."

"Utajidunga mpaka ujue."

Lap-man akaivua fulana pale pale, akabaki na singlendi, machozi yanamtoka. Hakuna aliyemcheka.

Hapo ndipo Yuet-ngo alipogundua kuna mtu hajatoka. Mzee mmoja, umri wa Shing-fai angekuwa hai, shati limepigwa pasi, amekumbatia boksi kifuani kwa mikono miwili. Alijiita Mzee Ngan. Alikuwa amesimama kwenye foleni tangu alfajiri kati ya vijana wale.

"Mzee, rudisha," Yuet-ngo alimwambia. Hasira ilikuwa bado inamwaka. "Umesikia mwenyewe. Huyo si wa kuuzwa."

"Nimesikia, dada." Hakurudisha. "Baba yangu naye alikuwa mpiga mizinga. Desemba ile ile. Mimi nilikuwa tumboni. Picha mama aliichoma."

Yuet-ngo akamsogelea.

"Miaka yote nachoma udi mbele ya ukuta," mzee aliendelea. "Wanangu wananiuliza, babu alivaaje, nasema sijui. Nilipoona tangazo ndipo nilipojua kwamba kaptura ilikuwa hivi. Mkoba ulikaa hapa." Akagusa kifua chake mwenyewe.

"Lakini uso si wa baba yako," Yuet-ngo alisema. "Wala si wa baba mkwe wangu. Huo uso ni wa mume wangu. Unaelewa? Ni mume wangu huyo unayemkumbatia."

Mzee Ngan akautazama uso kwenye boksi. "Mimi uso wa baba yangu siujui, dada. Mumeo anaonekana mtu mwema."

Bosi Yip akakohoa, akasogea na tabasamu limeshaanza kumrudia. "Kumbe! Basi tungeweza kuzitangazia familia za..."

"Koma!" Yuet-ngo alimgeukia kwa ukali hata akagonga kikombe kikamwagika. "Neno moja tena nakuchoma na huu udi. Na mzee huyu usithubutu kumtoza hata senti."

Akalichukua boksi mikononi mwa mzee, akalipasua kwa kucha, akamtoa askari na kumsimamisha juu ya kaunta. Akamnyooshea kola, akamwinamisha kofia upande. Alichelewa kidogo kumwachia. Kisha akavuta vijiti vitatu kutoka kwenye fungu, akampa Mzee Ngan.

"Mwite kwa jina la baba yako," alisema. "Hapa hapa. Macho yake yako wazi, asije akakufuata asiye wako. Mwite wako aingie."

Mzee akashika udi kwa mikono miwili. Midomo ikacheza, haikutoka kitu.

"Silijui neno la kuanzia," alimnong'oneza Yuet-ngo. "Sijawahi kumwita mtu."

"Anza na Baba."

Mzee yule, mwenye wajukuu, akamtazama askari mdogo usoni, akasema, "Baba," na akashindwa kuendelea.