Wale wa Angani Waliulizwa

Wiki niliyofungiwa chumbani, watu watatu walirushwa kwa roketi kwenda kujenga kituo cha angani. Mimi nilikuwa hospitali, katikati ya London, nikisubiri uboho wa mtu nisiyemjua uote ndani ya mifupa yangu. Nilikuwa na saratani ya damu, na dawa walizonipa kuiua zilikuwa zimeua na kinga yote ya mwili. Mafua ya mtoto mchanga yangetosha kunizika. Basi nikawekwa kwenye chumba chenye milango miwili, na kati ya milango hiyo kijichumba ambamo kila anayeingia husimama, akanawa, akavaa aproni, barakoa na glavu. Mpaka mlango wa nje ufungwe ndipo wa ndani ufunguke. Dirisha halikuwa likifunguka, nalo lilitazama ukuta.

Kwenye televisheni nikaona kumbe wale watatu nao wana kijichumba kama hicho, cha kutokea nje. Nikawafanya majirani.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kijisehemu changu Ilford, mashariki mwa London, nyuma ya duka la vitambaa, napunguza blauzi za sari, nashona madera, nafumua yaliyoharibiwa na mafundi wengine na kusingiziwa mimi. Kwa hiyo macho yangu yalikwenda kwenye glavu zao. Nene kama mto wa kochi, na kwa glavu hizo eti mtu akaze nati! Mmoja alihangaika na nati moja mpaka nikatoka jasho mimi niliyelala. Kazi yao ilikuwa kuunga chumba kipya kwenye kituo kilichoanzwa na wenzao waliowatangulia. Wangeondoka hakijakwisha, waje wengine waendeleze.

Kila alasiri nilimpigia mama, Tanga. Mama hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Nilipomhadithia habari hizo akaanza kuniuliza.

"Wanajenga nyumba isiyo na ardhi?"

"Ndiyo, mama."

"Chini yake kuna nini?"

"Hakuna chini."

Akaguna. "Na mmoja akifa, watamzika wapi?"

Nilicheka mpaka nesi akachungulia. Nikamwambia mama ana uchuro. "Mimi nauliza tu," akasema. "Mtu ukihama huulizi?"

Nilikuwa na nia moja tu mle ndani: nitoke, nipande ndege, nikajitupe kitandani kwa mama anikande miguu kama alivyokuwa akinikanda zamani nikipata homa. Nilikuwa sijamwona miaka. Mara pasipoti, mara kazi, mara ugonjwa. Dawa zile zilinichubua kinywa, zikaninyoa kichwa na nyusi, nami nilizivumilia kwa nia hiyo. Wengine huomba wapone ili waishi. Mimi niliomba nipone ili nifike Tanga.

Kisha simu ya mama ikawa haipatikani. Nikampigia kaka yangu, anayeishi naye. Akaniambia simu imeingia maji. Sikushangaa, ile simu ilikuwa na mazoea ya kutumbukia ndoo. Nikamwambia ampe ya kwake. Mama amelala. Kesho yake mama amekwenda maulidi. Siku nyingine mama anaoga, na kila akimaliza kunipa udhuru kaka alifunga kwa maneno yaleyale: "Sisi huku wazima. Wewe pona kwanza." Nikawa namtumia mama ujumbe wa sauti, ili simu ikitengenezwa asikilize. Nikamweleza habari za majirani, spana iliyowaponyoka, chumba kipya kilivyosogezwa taratibu mpaka kikaingia mahali pake.

Alasiri moja binti yangu alikuwa amekaa kando ya kitanda, kajifunika barakoa. Kazaliwa London. Kiswahili anakisikia chote, hata umbea, lakini hujibu kwa Kiingereza. Tangu anajifunza kusema nimembembeleza, nimemgombeza, nimemnunia, wapi. Televisheni ilikuwa ikionyesha mahojiano na mmoja wa wale watatu. Akasema kabla ya kuondoka kila mmoja wao huulizwa: ukitokea msiba nyumbani, uambiwe ukiwa hukohuko juu, au usubiri mpaka utue? Mwenzake mmoja alichagua asubiri. Yeye alichagua aambiwe.

"Huyo ndiye mtu," nikasema. "Na mimi ningetaka kuambiwa."

Binti yangu akainama, akaanza kukunjua na kukunja kitambaa cha chakula. "Mum, eat something," akasema. Nikala vijiko viwili vya uji wao usio na ladha, nikasinzia.

Aliyenipasulia habari ni mama mmoja aliyekuwa akija asubuhi kudeki chumba, Mkongo wa mashariki. Kila siku tulisalimiana, yeye kwa Kiswahili chake, mimi kwa changu, na siku nyingine sauti yake ndiyo pekee ya nyumbani niliyoisikia. Asubuhi hiyo hakuanza kudeki. Aliegemeza mopu ukutani, akaja mpaka miguuni pa kitanda, akakutanisha mikono.

"Mama, pole sana."

"Ahsante, naendelea vizuri."

"Hapana. Pole juu ya mama yako. Mutoto yako aliniambia pale inje, alikuwa analia. Mungu amupokee."

Nilimtazama. Naye akanitazama, na nikaona macho yake juu ya barakoa yakielewa alichofanya.

Simlaumu, wala sitamlaumu. Mtu mwenye Kiswahili kinywani hawezi kumpita mfiwa bila kumpa pole. Angejiona amemtukana. Na angewezaje kudhani sijui? Nani asiyeambiwa kifo cha mamaye? Alikuwa hajui mila yetu sisi wa pwani, kwamba mgonjwa hapewi habari ya msiba, asije akavunjika moyo akafuata. Mila hiyo nimelelewa nayo, na sikuwahi kuiona mbaya mpaka ilipoelekezwa kwangu.

Binti yangu alipokuja alasiri nilimuuliza neno moja tu. "Lini?"

Akakaa. Mama alikuwa amekufa usingizini, akazikwa siku hiyohiyo, kabla chumba kipya cha angani hakijaungwa. Ile habari ya spana nilikuwa nikimhadithia maiti.

"Uncle made me swear," akasema huku akilia. "They all did. I wanted to tell you, Mum. When you said that about the astronauts, I nearly did." Akanishika mkono kwa glavu zake za mpira, nikahisi mpira, sikumhisi mwanangu. Nikauvuta mkono wangu. Baadaye nikaurudisha, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kunishika.

Kaka nilimpigia kwa hasira. Akaniacha nimalize matusi, kisha akauliza, "Tungekwambia, ungefanya nini? Ungekuja?" Akajijibu mwenyewe. "Ungelia tu, na hali ulivyo kilio kingekuua. Yaliyopita si ndwele, dada, tugange yajayo."

"Ndwele ninayo mimi!" nikamwambia, nikakata simu.

Lakini swali lake lina jibu moja tu. Nisingekuja. Mlango wenyewe nilikuwa siruhusiwi kuufungua.

Kwetu msiba ni watu. Ni mikeka na kahawa, wanawake wamejaa mpaka uani, mtu anakushika kichwa anakuinamisha begani kwake, anakuacha ulie, akichoka anakupokeza mwingine. Mimi nilijifunika taulo ya hospitali kichwani nikasoma sehemu za Yasini ninazozikumbuka, na mashine ya dripu ikilia kila dawa inapokwisha. Tanga walikuwa wameshamaliza, wameshakunja mikeka. Nilikuwa naanza msiba uliokwisha. Sijapata kuwa peke yangu namna ile, na sitaki mtu aniambie kulikuwa na hekima ndani yake.

Binti yangu nikamwapisha. Nilimwambia anitazame machoni. Kuanzia leo, lolote litakalotokea, liwe kubwa liwe dogo, liwe la nyumbani au la mwili wangu, ananiambia mimi kwanza. Wale wa angani waliulizwa, na mimi sasa nimejibu.

"I promise, Mum," akasema.

Majirani walitua kabla sijatoka. Walitolewa kwenye chombo wamebebwa vitini kama bibi harusi, miguu imesahau uzito, wamefunikwa mablanketi. Yule aliyetaka kuambiwa akapewa simu, akaongea na kwao akicheka. Nikazima televisheni. Siku chache baadaye na mimi nikatolewa kwenye kiti cha magurudumu, binti yangu akinifunika blanketi, na watu wa hospitali wakanipigia makofi. Damu mpya ilikuwa imeota. Nilipona baada ya sababu ya kupona kwisha. Niliyasikia yale makofi nikatamani wangeacha.

Tanga sijakwenda. Mwanzoni madaktari walikataza ndege, kisha hapakuwa na wa kumwendea. Jioni nyingine kile kituo hupita juu ya Ilford, nukta nyeupe inayokwenda haraka bila sauti. Wapo wengine mle sasa. Binti yangu huniita dirishani, nami huangalia kwa ajili yake.

Wiki iliyopita nilikuwa sebuleni nakunja pindo la dera la mteja. Juzi yake nilikuwa nimetolewa damu kwa vipimo, kwa kuwa nilianza tena kuchoka na kupata madoa mekundu miguuni, kama saratani ilipoanza. Simu za hospitali huzipokea binti yangu. Nilimwandikisha mwenyewe, maana dawa nilizoendelea kumeza baadaye ziliniharibu masikio na kwenye simu nasikia mvumo tu. Ikaita. Akaenda nayo jikoni, akarudisha mlango. Alikaa sana. Kisha bomba la maji likafunguliwa, likaachwa likitiririka, kama hakuna chombo kinachooshwa chini yake.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Alikuwa na kikombe cha chai nisichokiomba. Akakiweka mezani, akakaa karibu yangu, akashika ncha ya dera kama anaikagua mishono.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

Hakunitazama.

"Hamna kitu, mama," akanijibu, kwa Kiswahili, maneno yametoka sawasawa kama aliyezaliwa nayo. "Wewe pona kwanza."