Mabega ya Mwalimu Ouko

Mungu hakumpa Benjamin Ouko shingo. Alimpa mabega, kisha akaweka kichwa juu yake. Wachuka, mke wake, alizoea kusema hivyo tangu ujana wao, na hata juma la kumwombolezea alisema hivyo tena, watu wakacheka huku leso ziko machoni.

Walikutana katika hospitali moja mjini Nyeri. Wachuka alikuwa muuguzi wa zamu, na Ouko aliletwa kutoka uwanjani akiwa na jezi ya raga iliyojaa matope na nyusi iliyopasuka.

"Sista, usishone vizuri sana," alisema.

"Kwa nini?"

"Nikipona haraka nitakosa sababu ya kurudi."

"Wewe nyamaza, ama sindano itakuingia jichoni."

Alirudi uzi utolewe. Uzi ukatolewa, na bado akaendelea kurudi, mara kichwa kinauma, mara ameleta machungwa ya wagonjwa. Wachuka alimwambia kwamba hospitali nzima imeshajua ugonjwa wake, na dawa yake ni kwenda kumwona mchungaji.

Miaka hiyo Ouko alikuwa akiichezea timu ya taifa. Alicheza katikati ya mstari wa mbele wa skramu, pale ambapo watu wanane wa upande mmoja hushikana mabega, wakainama, wakasukumana na wanane wa upande wa pili. Masikio yake yalikunjamana kama uyoga kwa kusuguliwa humo ndani. Aliivaa jezi ya nchi mpaka magoti yakaanza kulalamika kila akipanda ngazi, ndipo akaitundika na kushika chaki. Alifundisha jiografia Naro Moru, na baadaye akapelekwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa karibu na Gakindu, Mukurweini, kwenye mgongo uleule wa vilima vya kahawa alikozaliwa Wachuka. Wakahamia huko na binti yao mdogo, Lynn.

Mtu wa Siaya kuhamia kwa wakwe zake! Wanaume wa sokoni hawakuacha kumchokoza.

"Mwalimu, ni kweli umeolewa huku?"

"Ni kweli," angejibu, "na mahari yangu sijaona hata mbuzi mmoja."

Jambo moja tu lilimtia woga, nalo ni mama mkwe wake, Watiri, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Kwao Siaya mwanamume hakai meza moja na mama wa mke wake, wala hamtazami usoni ovyo. Kwa Wagikuyu nako heshima ya ukwe ni heshima. Mengi Mjaluo na Mgikuyu hubishania, lakini hili waliafikiana. Basi Watiri akija kumwona bintiye aliketi jikoni, Ouko akaketi sebuleni, ukuta wa mbao katikati, na Wachuka akasimama mlangoni akipeleka maneno huku na huku, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana.

Shule aliyoikuta ilikuwa inakauka. Vijana walikuwa wameacha darasa wakaenda kuchuma kahawa ya watu, kupakia mchanga, na wengine kukaa tu sokoni wakionja vitu ambavyo havionjwi. Ouko akatoa mpira wake wa zamani, akatangaza sheria moja: asiyekaa darasani Jumatatu hadi Ijumaa hagusi mpira Jumamosi. Vijana wakarudi, mmoja akimvuta mwingine.

Shida ilikuwa uwanja. Kule Mukurweini ardhi imesimama wima. Mpira ukikuponyoka, unaufuata mpaka mtoni. Tambarare ilikuwa mahali pamoja tu, kwenye nyasi za kanisa, juu ya kilima. Ouko akawaomba wazee wa kanisa mahali pa "mazoezi", nao, wakidhani ni mazoezi ya kunyoosha viungo, wakampa.

Njia ya kwenda kiwanda cha kahawa inapita ubavuni mwa kanisa. Jumamosi moja yenye manyunyu, akina mama walikuwa wakipita na mizigo yao ya kahawa mgongoni, kamba kwenye paji la uso, walipoona vijana wameshikana mabega, vichwa chini, kimya, wakingoja filimbi. Watiri alikuwa mbele. Akasimama.

"Wanaomba," akanong'ona.

Akatua gunia lake kwenye matope. Wote wakatua, wakainamisha vichwa. Filimbi ikalia, kukawa na mngurumo, Watiri akasema "Amina" na kujitwisha tena. Hajafika kona, vijana wameinama tena. Akatua tena. Jioni ile akina mama waliomba kuliko Ijumaa Kuu, na kahawa yao ikafika kiwandani mizani imeshafungwa.

Hawakunung'unika. Jumapili Watiri alisimama mbele ya kanisa akashuhudia: mkwe wake amewageuza vijana wa sokoni kuwa waombaji, tena wanaomba kwa nguvu, mpaka wanaanguka! Ouko, kwenye benchi la nyuma, aliinama akakaza macho kwenye viatu vyake. Angemsahihishaje mama mkwe mbele ya kanisa?

Mambo yakaendelea hivyo mpaka siku Watiri alipochelewa kufumba macho. Akaona mpira wenye umbo la papai ukichomoka kati ya miguu ya waombaji, na waombaji wakirukiana kama wendawazimu.

Jioni hiyo alifika nyumbani kwa bintiye bila kubisha hodi, akaketi jikoni.

"Wachuka, mwambie mume wako amenifanya niinamie mpira."

Kutoka sebuleni: "Mwambie mama sikumwambia ainame."

"Mwambie nilisema Amina! Nikanyeshewa, kahawa yangu ikalala nje, nikasema Amina!"

"Mwambie mama samahani. Nilishindwa kusema."

"Mwambie ati samahani haikaushi kanzu!"

"Nyinyi wawili mnasikiana," Wachuka alisema. "Mimi niko na ugali kwa moto."

Lakini Watiri hakuwa na mzaha. Jumamosi iliyofuata ilikuwa sikukuu ya akina mama, na baada ya chakula wazee wa kanisa wangekaa kikao. Angewaomba warudishe uwanja, na hakuna mzee aliyewahi kumkatalia Watiri.

Mama alipoondoka, Wachuka alimkuta mumewe ameketi na mpira mapajani, akiupapasa kama mtu anayemuaga mgeni.

"Hao vijana wanakuja darasani kwa sababu ya uwanja," alisema polepole. "Uwanja ukienda, nao wanaenda."

Wachuka alimpenda mama yake, alimpenda mumewe, na usiku ule alimwachia Mungu wote wawili.

Mvua ilinyesha juma zima. Asubuhi ya sikukuu Watiri alipanda pikapu ya Ken, jirani yao, akaketi mbele na sare yake na kitambaa chake cheupe kichwani. Wachuka alikaa nyuma akizishikilia sufuria za mukimo wa viazi na mchuzi. Walipofika katikati ya kilima cha kanisa, udongo mwekundu ukawa sabuni. Magurudumu yakazunguka bure, pikapu ikaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kuelekea ukingoni, na chini ya ukingo ni mashamba ya kahawa mpaka mtoni.

"Ken! Shika breki!" Wachuka alipiga kelele.

"Nimeshika! Ni gari haijashika!"

Juu uwanjani Ouko alikuwa na vijana katika mazoezi ambayo wote walijua huenda ni ya mwisho. Akasikia sauti ya mke wake. Akashuka mbio, magoti mabovu na yote, vijana nyuma yake. Akafika nyuma ya pikapu, na hata pale, roho ikiwa mkononi, hakumtazama mama mkwe.

"Wachuka, mwambie mama akae tuli!"

"Amekusikia, Baba Lynn, sukuma!"

"Vijana! Inama! Shika!"

Mikono ikafungana mabegani, vichwa vikashuka, Ouko katikati, mahali pake pa zamani. Kwa pumzi moja pakawa kimya kabisa. Watiri, ndani, aliviona vichwa hivyo kwenye kioo cha pembeni. Wachuka aliona kupitia dirisha la nyuma kile kitambaa cheupe kikiinama.

"Sukuma!"

Pikapu ikasita. Ikatikisika. Kisha ikaanza kupanda, shubiri kwa shubiri, matope yakiwarukia usoni, Ken akilia "Yesu, Yesu" kwenye usukani, mpaka ikakanyaga nyasi za kanisa na kusimama.

Watiri alishusha kioo.

"Mwalimu!"

Hakumwita Wachuka. Alimwita yeye. Ouko aligeukia gurudumu la mbele, akalijibu gurudumu.

"Naam, Mama."

"Nimeona wameinama, nikaomba."

"Nilidhani Mama bado amekasirika."

"Nimekasirika! Mchuzi umemwagikia mtoto wangu. Lakini wiki yote nimekuwa nikimuuliza Mungu zile Amina zangu zilienda wapi."

"Na amejibu?"

"Hazikupotea," Watiri alisema. "Zilikuwa zinangoja pikapu."

Vijana walicheka mpaka wakakaa chini. Chakula kikaliwa, kilichobaki, na wazee walipoketi, Watiri alisimama kabla hajaitwa. Uwanja ubaki kwa vijana, alisema, ila wawe wakianza kwa kuomba kweli, kwa mdomo, na mama mmoja awepo kuhakikisha. Mama huyo akawa yeye. Kila Jumamosi aliomba, kisha akabaki. Mwaka wa pili alikuwa akiwakemea waamuzi kwa Kigikuyu. Na akija kwa bintiye bado aliketi jikoni, Ouko sebuleni, wakijadili mechi kupitia ukuta, Wachuka asiambiwe apeleke neno lolote.

Mwaka huu, wakati wa mvua ndefu, moyo wa Ouko ulisimama akiwa amelala. Bwana alimpenda, akamchukua bila kumtesa. Kabla ya safari ya kwenda kumzika kwao Siaya ilipangwa ibada ya kumuaga, juu, katika kanisa lile.

Gari la maiti lilipofika chini ya kilima, vijana wake walikuwa wamejaa barabarani: walimu, polisi, wakulima, wengine sasa wana vitambi na mvi. Walimwomba dereva azime injini.

"Mbona, leo barabara ni kavu?" dereva akauliza.

"Zima tu, kaka."

Wachuka alisimama kando akimshika mkono binti yao, Lynn. Akina mama waliokuwa wakipita na kahawa walitua mizigo yao, wakainamisha vichwa. Safari hii hapakuwa na aliyekosea.

Vijana walijipanga nyuma ya gari, mabega kwa mabega, wakashikana, kisha wakabaki wakingoja, maana aliyekuwa akitoa amri alikuwa ndani.

Ndipo bakora ikagonga barabara. Watiri, mgongo umepinda, macho yameingia ukungu, alikuwa amesogea karibu na jeneza la mkwe wake kuliko alivyowahi kumkaribia akiwa hai.

"Mnangoja nini?" alisema. "Inama! Shika!"

Akavuta pumzi.

"Sukuma!"

Gari likapanda kilima kama kitu kisicho na uzito, na Wachuka, machozi yakimtiririka, akajikuta anacheka kwa sauti.