Mke Niliyempeleka Ruiru

Miaka ile ya tisini nilifanya kazi katika kiwanda cha kupakia mananasi mkebeni mjini Thika, na niliishi mtaa wa Landless, chumba kimoja, na mwanamume niliyempenda. Majirani walimjua kama binamu yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kamenu, mtu wa kupiga pasi hata leso. Majirani hawakutusumbua. Kilichotusumbua ni pata potea.

Nikitoka kazini nilipitia sokoni, ambako jamaa mmoja alizungusha karata tatu juu ya katoni, nawe uonyeshe nyekundu iko wapi. Nilijua ni ujanja. Nilijua hata yule mteja aliyeshinda kila mara alikuwa mwenzake. Bado nilirudi. Mshahara ukaenda, redio ikaenda, na Jumamosi moja nikauza viatu vya kanisa vya mwalimu. Kesho yake alienda ibadani na malapa, akaimba kwaya mstari wa mbele.

Aliporudi hakupiga kelele. "Ama uende uongee na mtu," alisema, "ama mimi niende kwa mama."

Tulichagua Ruiru kwa sababu hakuna aliyetujua huko. Kulikuwa na muuguzi mstaafu, mama wa makamo, aliyekaa kila Jumatano kwenye chumba nyuma ya zahanati akisikiliza walevi na watu wa ndoa zilizoharibika. Aliniuliza ni nani anayeumia nikicheza. Nikajibu haraka, "Mke wangu."

"Mlete wiki ijayo."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Mwishowe tulimwendea rafiki yetu, mwanamke aliyeuza mayai kule Kalimoni. Yeye naye aliishi na mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwita dada yake, kwa hivyo hakuhitaji maelezo marefu. Alikubali kuwa mke wangu kwa saa moja, mradi alipiwe nauli. Mwalimu akamfundisha malalamiko yote, moja baada ya jingine, kama mtihani.

Jumatano tukaenda watatu. Mwalimu alibaki kwenye benchi, nje ya mlango. Mke wangu alianza vizuri sana. Alisema kuhusu mshahara, akasema kuhusu redio, akajipangusa macho na kanga. Kisha akasema, "Sista, mpaka viatu vyangu vya kanisa aliuza. Vile vyeusi vya kamba, namba tisa."

Muuguzi alitazama miguu yake. Ilikuwa miguu midogo, ndani ya sandali za plastiki.

"Namba tisa?"

"Kumi," ikasema sauti ya mwalimu kutoka nje. Hajawahi kuvumilia jibu lenye makosa.

Muuguzi aliweka kalamu chini, akafungua mlango. "Na wewe ni nani?"

"Binamu."

Alimwangalia, akaniangalia mimi. Neno moja lake nje ya chumba kile lingetumaliza. Alimgeukia rafiki yetu. "Mama, asante kwa kuja. Pale mbele kuna soda baridi." Halafu akamvutia mwalimu kiti. "Viatu vilikuwa vya nani?"

"Vyangu," mwalimu akasema.

"Basi wewe ndiye niliyemwita. Tuanze tena."

Hakuuliza zaidi ya hapo kuhusu sisi. Aliuliza karata zilikuwa zinanipumzisha kutoka kwa nini. Nilitaka kusema uchovu wa kiwandani. Badala yake nikajisikia nikieleza kwamba pale kwenye katoni ndipo mahali pekee ambapo hakuna aliyeniuliza nitaoa lini, na nikalia mbele ya mwalimu kwa mara ya kwanza.

Tulikwenda kila Jumatano kwa miezi mingi. Mwalimu akawa ndiye anayeshika mshahara wangu, nami nikabadilisha njia ya kurudi nyumbani. Nilizirudia karata mara moja tu, nikakiri siku hiyohiyo, naye muuguzi akasema tuendelee.

Mwaka uliofuata kanisa letu liliuza tikiti za bahati nasibu, zawadi mbuzi. Nilikataa, nikasema mimi sichezi kamari ya aina yoyote. Mzee wa kanisa alivutiwa sana na msimamo huo. Waliniweka kwenye kamati ya vijana, na ajenda ya kwanza ya mkutano wa kwanza ilikuwa ni kunitafutia mchumba.