Hedwiga alifungasha safari za watu, ya kwao akaifungua

Saa moja na nusu asubuhi, baridi ya Juni bado imeikaba Jeppestown, mjini Johannesburg. Nyasi kando ya ukuta wa yadi zimekuwa nyeupe kwa barafu ya alfajiri, na Hedwiga Mkude, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, amepiga magoti ndani ya trela dogo la kulala, mvuke ukimtoka mdomoni kila anapopumua.

“Nipe sufuria,” anasema bila kugeuka.

Murielle, mwenzake wa kazi kutoka Lubumbashi, anampa. Hedwiga anaingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa, anatia soksi kuukuu katikati ili zisigongane, kisha anazisukuma zote chini ya benchi, juu ya ekseli. Visu ameviviringisha kwenye kitambaa cha vyombo. Mtungi wa gesi ameufunga mkanda mara mbili. Anausukuma kwa bega. Haujongei.

Likiwa limefungwa, trela hili ni kama sanduku la bati lenye magurudumu mawili, halimfikii mtu kifuani. Likifunguliwa, paa linanyanyuka, kuta za turubai zinakunjuka huku na huku, na pale palipokuwa na sanduku pana vitanda viwili, meza, jiko na pa kunawia. Wakazi wa Johannesburg huyakodi matrela haya wakati wa likizo na kuyavuta kwa magari yao hadi pwani ya Durban au mbugani. Kazi ya Hedwiga ni kuhakikisha mahitaji yote ya familia ya watu wanne kwa siku kumi yameenea humo, na kwamba njiani hakuna kitakachovunjika, kumwagika wala kupiga kelele.

“Watu hudhani ni kujaza tu,” anasema. “Ukijaza tu, utaua watu. Kizito kikikaa nyuma, trela linatingisha mkia barabarani, na likishatingisha mkia dereva hana lake tena. Kizito chini, katikati. Chepesi juu. Na kitakachotakiwa kwanza ndicho kiingie mwisho. Wamefika wamechoka, mtoto analia, nani ataanza kupakua magodoro ndipo aione birika?”

Ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na tisa. Analipwa randi 270 kwa siku, na likizo zikikaribia hufungasha hadi matrela sita kati ya asubuhi na jioni. Mwenye yadi, mzee anayeitwa André, anasema wapo wateja wanaopiga simu kuuliza kwanza kama Hedwiga yuko kazini ndipo walipie.

Murielle anasifu kwa namna yake, kwa Kiswahili cha kwao. “Huyu mama hapangake vitu,” anasema huku akicheka. “Anavalishaka mutoto ya batizo.”

Hedwiga hacheki. Anainama na kuanza kukaza mkanda ambao tayari umekazika.

Hedwiga alizaliwa Morogoro mjini, kwa baba mwenye asili ya Mgeta, juu kwenye milima ya Uluguru. Mwaka 1987 aliolewa na Sipho Mabaso, mmoja wa vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi uhamishoni Mazimbu, nje kidogo ya mji huo, baada ya kuukimbia utawala wa ubaguzi wa rangi kwao.

“Alikuja dukani kwa baba kununua sabuni,” anakumbuka. “Kesho yake akaja tena, sabuni. Keshokutwa, sabuni. Baba akasema, huyu ama ana jeshi zima la kufulia, ama anakutaka wewe.”

Mtoto wao wa kwanza, Luka, alizaliwa mwaka uliofuata. Hakutimiza miaka miwili. Malaria ilimchukua wakati mama yake naye amelazwa kwa ugonjwa uleule, hajitambui. Hedwiga alizinduka siku ya tatu.

“Niliuliza, mtoto yuko wapi? Mama akageukia dirishani. Nikajua.”

Maziko yalikuwa yameshafanyika. Walioshika majembe ni baba yake, baba yake mdogo na Sipho. Walimzika kwenye makaburi ya jirani na nyumbani, wakainua tuta dogo la udongo na kusimika msalaba wa mti. Hedwiga alipotoka hospitali, wakamwambia aende akaone alipolala mwanawe. Hakwenda.

“Nilisema nitakwenda nikipata nguvu. Nguvu zikaja, miguu ikakataa.”

Mwaka 1991 walihamia Johannesburg, na miaka miwili baadaye akazaliwa binti yao, Nomsa. Tangu hapo Hedwiga alirudi Morogoro mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa kwa misiba. Mara ya pili, mwaka 2004, walimzika baba yake kijijini Mgeta. Kabla ya kuondoka, Sipho alikwenda peke yake kwenye kaburi la Luka, asubuhi na mapema. Alirudi na udongo mwekundu kwenye viatu, akavifuta kwa nyasi pale mlangoni.

“Na mimi sikumwuliza,” anasema Hedwiga. “Hata kama sikutaka kwenda, ningemwuliza. Lile tuta bado lipo? Liko upande gani? Maneno mawili tu. Nikamtengea chai.”

Sipho alikuwa dereva wa malori. Alipostaafu mwaka 2017, alimwomba André amuuzie trela moja bovu lililokuwa limetelekezwa nyuma ya yadi, turubai limechanika na sakafu imeoza. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, alilifanyia kazi akiwa na mashine ya kuchomelea na redio yake ndogo. Alikuwa na nia moja tu: kulivuta kwa pikapu yake kutoka Johannesburg hadi Morogoro, kupitia Zimbabwe na Zambia, zaidi ya kilomita elfu tatu, mkewe akiwa kando yake. Wakifika walijengee kaburi la Luka kwa saruji na kuliandika jina.

Nomsa alimwuliza baba yake kwa nini wasipande ndege.

“Mama yako huwezi kumshusha tu kule na ndege,” Sipho alimjibu. “Mama yako anahitaji njia ndefu.”

Walipanga kuondoka Jumamosi ya tarehe 14 Desemba, 2019. Hedwiga alilifungasha trela lao mwenyewe, kwa siku tatu, kila alipomaliza ya wateja. Anasema hajawahi kufungasha vizuri namna ile. Hata mifuko miwili ya saruji aliitafutia mahali pake, juu ya ekseli yenyewe, mmoja kulia na mwingine kushoto.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, trela moja la yadi lilirudi kutoka pwani ekseli yake imevunjika. Lilikuwa lichukuliwe kesho yake na familia moja ya Fordsburg, watu wazima wawili na watoto wanne, waliokuwa wamelipia tangu Agosti. André alikuwa akizunguka yadi na simu mkononi, hajui aanzie wapi kuwaeleza.

Hapo Hedwiga anasimamisha kazi. Anavua glavu, anazikunja, anaziweka juu ya paa la trela.

“Andika vizuri hapa,” anasema. “André hakuniomba. Miaka yote watu wamekuwa wakimlaumu André, hata binti yangu, na mimi nikanyamaza. Hakuniomba. Mimi ndiye niliyemfuata nikamwambia, chukua letu.”

Alipofika nyumbani, vyumba viwili walivyopanga katika nyumba ya zamani mtaa wa Bellevue, alimkuta Sipho amekaa kitandani anapiga rangi viatu vya safari.

“Baba Nomsa, kumetokea jambo kazini.”

Sipho alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa ndani ya kiatu.

“Eish, Mama Nomsa. Tumeshafunga kila kitu.”

“Tutakwenda Pasaka. Ni miezi minne tu.”

“Pasaka kuna wateja vilevile.”

“Pasaka tutakwenda. Nakuahidi.”

Sipho alimtazama. “Ni hao watu wa Fordsburg kweli, au ni wewe?”

“Ni hao watu.”

“Sharp,” alisema Sipho, yaani sawa kwa lugha ya mtaani ya kwao, akaendelea kupiga rangi kiatu. Ijumaa asubuhi alikuja yadini na kusimama kando wakati mkewe akipakua. Mifuko ya saruji aliibeba mwenyewe.

“Aliniuliza wazi kabisa,” anasema Hedwiga. “Alinifungulia mlango niseme kweli. Ningesema, Sipho, naogopa, angenishika mkono tukaenda hivyohivyo na hofu yangu. Kazi ilikuwa kisingizio. Wale watoto wa Fordsburg walikwenda wakaogelea, na mimi nikashusha pumzi. Hiyo ndiyo inayonitafuna. Sikuhuzunika siku ile. Nilishusha pumzi.”

Pasaka ya mwaka 2020 ilikuta mipaka imefungwa kwa sababu ya Korona. Mwezi Julai Sipho aliingia hospitali na kifua, na hakutoka. Hedwiga hakuruhusiwa kuingia wodini. Aliongea naye kwa simu mara ya mwisho siku ya Jumanne, Sipho akawa anauliza kama trela limefunikwa, maana turubai likinyeshewa linaota ukungu. Alifariki Alhamisi.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, Hedwiga alimpigia simu mdogo wake, Beatha, aliyebaki Morogoro. Alikuwa na haja moja: Beatha amtafute fundi, alijengee kaburi la Luka, japo hilo litimie. Beatha alikwenda makaburini siku hiyohiyo na kupiga simu akiwa palepale.

“Dada, ni lipi?”

Katika mstari ule yalikuwepo matuta matatu madogo. Misalaba ilikuwa imeliwa na mchwa zamani. Beatha alikuwa mtoto wa miaka saba wakati ule na hakwenda mazikoni. Baba alishafariki, baba mdogo alishafariki, mama hakuwepo siku ile kwa sababu alikuwa hospitali akimuuguza Hedwiga. Mtu wa mwisho aliyelijua kaburi la Luka alikuwa amezikwa Julai, Johannesburg.

“Nilikata simu,” anasema Hedwiga. “Mimi naweza kukwambia soksi za mteja ziko sanduku gani. Mwanangu alipolala sipajui.”

Kwa karibu miaka mitano trela la Sipho lilikaa nyuma ya yadi chini ya kifuniko, na Hedwiga hakuligusa. Mwaka huu, siku ya Pasaka, akiwa anakula na Nomsa, alimweleza bintiye yote: kwamba ndiye aliyelitoa trela, na kwamba kaburi sasa halijulikani.

Nomsa ana miaka thelathini na mbili na anafanya kazi katika duka la vitambaa Fordsburg. Kiswahili anakielewa tangu utotoni, ila hujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Siku ile hakujibu kwa lugha yoyote. Alivaa koti akaondoka, na kwa siku mbili hakupokea simu ya mama yake.

Siku ya tatu alitokea yadini mchana, akapita moja kwa moja hadi nyuma, akaking'oa kile kifuniko kwa mikono yake. Hedwiga na Murielle walimfuata. Ndani, turubai lilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na viota vya panya kwenye magodoro.

“Mama,” Nomsa alisema, kwa Kiswahili, akitafuta maneno moja moja. “Tunaenda lini?”

Hedwiga alikaa chini pale kwenye sakafu ya saruji, akalia mpaka Murielle akamfungia geti mteja aliyekuwa anaingia.

Walilisugua turubai kwa siki na maji ya moto, wakalianika siku tatu. Magodoro yakatupwa, yakanunuliwa mengine. Nomsa ameomba likizo ya wiki tatu na atapokezana uendeshaji na binamu yake mmoja. Wataondoka Ijumaa ya wiki ijayo, siku ileile shule zinapofungwa na yadi inapojaa wateja. André alinung'unika kidogo, kisha akawapa matairi mawili ya akiba bure.

Nomsa bado hajamsamehe mama yake, na anasema hivyo bila kuficha. “Baba alikuwa anasubiri, yeye alijua,” anasema. Anafikiri kidogo. “But njia ni ndefu. Tutaongea.”

Saa nne sasa. Jua limefika yadini na barafu imeyeyuka. Trela la mteja limefungwa, linasubiri gari. Hedwiga anaingia nyuma ya yadi, kwenye trela lake, ambalo bado halina kitu zaidi ya magodoro mapya na mifuko sita ya saruji. Amenunua sita, si miwili.

“Beatha ameuliza mtaa mzima, hakuna anayejua wale wawili wengine ni wa nani,” anasema. “Basi nitajengea yote matatu, sawasawa, nisipendelee. Halafu nitakaa katikati yao nimwambie Luka mama amechelewa. Upande wowote aliolala, si atanisikia?”