Mama Anakula Piza na Babu Stesheni

Usiku ule nililala chumbani kwa Mama, sakafuni, kwenye godoro dogo lililobanwa kati ya kitanda na mlango, ili akijigeuza tu nisikie. Kesho yake tulikuwa na safari ya Dar es Salaam, akapasuliwe tumbo kwa mara ya tatu. Mama hakutaka. Alishasema hataki, akasema tena akilia, nami nikamjibu kwa ukali, "Kwani nani amekuuliza?" Ndiyo, mama yangu mzazi nilimjibu hivyo. Mimi ni fundi majokofu. Kitu kikiharibika nakifungua, nakitengeneza, kinanguruma tena. Ugonjwa wa Mama nao nilikuwa nimeuvalia njuga vivyo hivyo.

Kabla ya kulala, mdogo wangu Zawadi alikuwa amehangaika naye na uji. Vijiko vitatu, akafunga mdomo. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu Mama hali kitu cha maana.

Sijui usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilijikuta mchana kweupe, kwenye ule mgahawa wa piza uliopo stesheni ya zamani ya mji wetu. Treni zilipoacha kuja, lile jengo lilikaa miaka likinyewa na popo, mpaka mtu mmoja akalipaka rangi, akajenga tanuri la matofali pale palipokuwa na dirisha la tiketi, akapanga meza hadi nje, kwenye jukwaa la abiria. Babu yangu mzaa mama ndiye aliyekuwa stesheni masta hapo. Tulimpeleka Mama mwaka jana, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Jamani, baba angewakuta watu wanakula mikate ya jibini ofisini kwake, angewatimua wote!"

Basi sasa Babu mwenyewe yupo. Alikufa mimi nikiwa darasa la tano, lakini yupo, ameketi kwenye meza ya jukwaani, shati jeupe limefungwa vifungo hadi kooni, suruali imenyooka kwa pasi. Mbele yake kuna piza kubwa inayofuka moshi. Wala sishangai. Nimesimama karibu na tanuri, nasikia joto mgongoni, nanusa vitunguu, nasema moyoni, loo, Babu amenenepa huyu!

Kisha naona kwamba anayekula naye ni Mama.

Kwetu, chakula cha marehemu hakiliwi ndotoni. Tumeambiwa tangu utotoni: ukimwota marehemu msalimie, zungumza naye, lakini akikupa chakula kataa, kwa sababu ukila utamfuata. Na aliyenifundisha ni Mama huyuhuyu. Sasa anakula! Anakula kwa mikono miwili, jibini linamning'inia kidevuni, analizungushia kidole, analamba kidole, anacheka. Mashavu yake yamejaa kama zamani.

Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Naanza kwenda, meza iko hatua kumi tu mbele yangu, natembea, natembea, na bado joto la tanuri liko palepale mgongoni. Mhudumu anapita na sinia. Namshika mkono.

"Dada, nakuomba, mwondolee yule mama sahani."

Ananitazama kwa huruma. "Ameagiza mwenyewe, kaka," anasema, na kuendelea na shughuli zake.

Na unajua kilichoniuma zaidi? Ni kwamba anakula. Wiki tatu nambembeleza, namtisha, nampigia magoti kwa ajili ya kijiko cha uji, na huyu hapa yuko kwenye kipande cha nne! Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, huku naogopa. Sikujua niombe aache au niombe aongezewe.

Mara treni ipo. Sikuiona ikifika. Imesimama kando ya meza, pale ambapo siku hizi wateja wanaegesha magari, na abiria wamejaa madirishani, kimya, wanatutazama. Dereva anashuka, anakwenda kwa Babu, ananyoosha mkono.

Hayo nayajua, Babu alinionyesha nikiwa mdogo. Reli ilikuwa moja, treni za kwenda na za kurudi zote zinapita juu yake, kwa hiyo dereva haondoki mpaka stesheni masta amkabidhi pete kubwa ya chuma. Pete ndiyo ruhusa ya njia. Bila pete, abiria watukane, walie, wafanye watakavyo, treni haiendi.

Babu anafuta vidole kimoja kimoja. "Mimi sinayo," anamwambia dereva. Kisha ananigeukia. Muda wote huo hakuwa amenitazama hata mara moja.

"Anayo yule."

Najitazama. Pete iko begani kwangu, nzito, ya baridi, nimeipitisha kwapani kama mkoba. Nimekuwa nayo tangu mwanzo na sikuwa na habari.

Hapo sauti ikanitoka, ikatoka vibaya, nyembamba kama ya mtoto. "Babu, umekuja kumchukua!"

"Nimekuja kula na mwanangu. Alikuwa na njaa."

"Basi mrudishe nyumbani! Wewe ndiye masta hapa!"

"Mimi nilishastaafu," anasema Babu.

Mama ameacha kucheka. Ameweka kipande chake kwenye sahani, ameweka mikono mapajani, amekaa vile anavyokaa mtu aliyechoka kusubiri zamu yake hospitali. Hanilaumu. Ananitazama tu, na mimi nayakwepa macho yake.

"Muulize anataka nini," Babu anasema. "Halafu msikilize hadi amalize."

Nikajaribu kuivua ile pete. Au sikujaribu, sijui, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa unaivua na mwingine unaing'ang'ania. Nikahangaika pale mbele ya watu wote, jasho linanitoka, piza inapoa, dereva amenyoosha mkono, na hakuna hata mmoja anayenisaidia. Nikaanza kulia.

Niliamka kumepambazuka. Nilikuwa nimekamata mguu wa kitanda cha Mama kwa mikono yangu yote miwili, vidole vimekufa ganzi. Mama alikuwa macho. Sijui alikuwa amenitazama kwa muda gani.

"Umeota vibaya?"

"Nimemwota Babu."

"Ehee. Kasema nini?"

Ningeweza kudanganya. Nilitamani sana kudanganya. Habari ya chakula sikuthubutu kuitaja, nikaimeza. Lakini lile nililotumwa sikuweza kulimeza.

"Amesema nikuulize unataka nini, Mama."

Jikoni nilimsikia Zawadi akikoroga sufuria.

"Nataka kukaa hapa," alisema. "Kwenye kitanda changu. Asinipasue mtu tena. Zawadi aache kunikaba na huo uji wake, nikitaka kula nitasema. Na wewe uache kunifokea. Unanifokea kama vile nimeugua ili nikukomoe."

Nilikuwa na majibu tayari. Daktari amesema hivi, daktari amesema vile, tumeshafika mbali. Nikafunga mdomo na kumwacha amalize, na nakuambia, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Haya, Mama," nilisema. "Hatuendi."

Kisha nikalia kwelikweli, mtu mzima na ndevu zangu, hadi Zawadi akaja mbio na mwiko mkononi akiuliza kuna nini.

"Mwache," Mama alimwambia. Akasogea kidogo ukutani, akapigapiga shuka. "Na wewe nyamaza, sifi leo. Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Nikamshika mkono, lakini nikaushika kwa ulegevu, ili akitaka kuutoa, autoe.